Tulipu Nyuma ya Jiko

Baba mkwe wangu aliporudi nyumbani Itumba kutoka kwenye mashamba ya kahawa ya Mbozi, watu walitazamia aje na baiskeli, au walau mablanketi. Alikuja na kikapu cha vitunguu. Mama mkwe alichukua kimoja akakimenya kwa ajili ya mboga, ndipo nikasikia sauti ya mzee kutoka uani.

"Hivyo haviliwi. Hayo ni maua."

Kwa miaka mingi alikuwa ametunza bustani ya mlowezi mmoja wa Kizungu. Mke wa yule Mzungu, alipokuwa akirudi kwao Ulaya, alimgawia mbegu za tulipu, maua ambayo yeye na mzee waliyapenda. Mzee alisema tulipu hutaka baridi, na baridi ya kipupwe kwetu milimani anaijua kila aliyewahi kuamka huko mwezi wa saba.

Mimi nilikuwa mkamwana mpya katika boma lile, na mume wangu alikuwa migodini ng'ambo ya mpaka. Kwa desturi yetu ya wakati ule, mkamwana na baba mkwe hawakuonana uso kwa uso. Nikisikia kikohozi chake njiani, nilijificha kwenye migomba. Jina lake sikulitamka, wala neno lililofanana nalo. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima, ingawa heshima hiyo ilinichania nguo nyingi kwenye miiba.

Mvua zilipokatika alipanda tulipu zake kando ya uzio wa matete. Lakini baada ya hapo magoti yalimsumbua, asiweze kuinama wala kupanda kutoka mtoni na maji. Mama mkwe alisema hana nguvu za kupoteza kwa kitunguu kisichoingia chunguni. Basi asubuhi, mzee akiwa upande wa pili anaota jua, nilikwenda na kibuyu changu nikamwagilia. Hakuna aliyenituma. Nilitaka tu kuona kitakachotoka.

Siku moja nikiwa nimechutama pale, fimbo yake iligonga nyuma ya uzio. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikajifunika kaniki usoni. Naye akasimama, akaanza kuuambia uzio.

"Wewe uzio, mwambie huyo anayemwagilia apunguze maji. Zikilowa sana zinaoza."

Nikajibu, "Uzio, mwambie mwenye maua kwamba udongo wa hapa unakauka upesi. Upepo ni mwingi."

"Basi atandaze majani makavu juu yake. Na samadi mbichi asiweke, inaunguza."

Tangu siku hiyo tukawa tunazungumza hivyo. Mama mkwe aliwaambia majirani kwamba ameolewa kwenye ukoo wa watu wanaopiga soga na matete.

Machipukizi yalipotokeza, fuko naye akaja. Asubuhi nilikuta udongo umefumuka, na baadhi ya mimea imevutwa chini na kutoweka. Mzee, kutoka upande wake, alinifundisha kukunja kijiti na kutega kitanzi kwenye njia ya fuko. Fuko aliupita mtego kwa chini, akala mimea mingine. Jioni ile nilitoboa matundu kwenye madebe ya mafuta ya taa, nikaing'oa mimea iliyobaki pamoja na udongo wake, nikaipanda humo na kuyapanga madebe nyuma ya jiko.

Kesho yake mzee akachungulia, akaona tuta tupu. Nikasikia fimbo yake ikigongagonga matete, mpaka nikaona huruma.

"Uzio," nikasema, "mwambie zimo ndani ya madebe. Fuko hatoboi bati."

Alicheka mpaka akapaliwa.

Zilichanua, nyekundu na za manjano, zikijifumba jioni na kujifumbua jua linapopanda. Watu walikuja kutoka vilima vya jirani kuzitazama. Bibi mmoja aliuliza zinatibu nini, na alipoambiwa hazitibu kitu, akakaa kuzitazama mpaka jua likageuka.

Mwenye maua peke yake ndiye hakuziona, kwa sababu nyuma ya jiko kulikuwa kwangu, na yeye hakuruhusiwa kufika.

"Madebe si yanabebeka?" mama mkwe akamwuliza.

"Ukiyatikisa, petali zitaanguka."

Mama mkwe akamtazama sana. Ilikuwepo njia ya kulegeza mwiko ule, na wiki ile ile mzee aliitumia: alitoa mbuzi jike na kitambaa kipya. Mashangazi wakaja, mbuzi akakabidhiwa kwangu, nami nikaambiwa nijifunue. Nikainua macho. Kwa sauti ile nene nilikuwa nimemwazia jitu, kumbe alinifika begani.

"Baba, shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Haya, nionyeshe."

Tukaenda nyuma ya jiko. Akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akalishika debe kama mtu anayepakata mtoto, kisha akaanza kunilaumu kwamba nimezibananisha.

Mwaka uliofuata zilitoa maua madogo. Mwaka wa tatu yalitoka majani matupu. Mimi nilisema udongo umechoka, yeye akasema baridi haikutosha, tukabishana msimu mzima. Mwishowe nilikubali tukazijaribu juu zaidi, karibu na kilele, ambako ukungu huchelewa kuondoka. Nilitangulia na madebe kichwani, yeye akafuata polepole na fimbo yake, akiniambia nisiyumbe.