Nilivyomiliki gari kuukuu la kifahari Kilwa enzi za ujamaa, na siku viti vyake viliponiaibisha

Wakuu, salamu kwenu, mliopo sasa na mtakaopita baadaye.

Juzi kijana mmoja alianzisha uzi humu akiuliza kama ni akili kununua gari la kifahari la miaka ishirini iliyopita badala ya gari dogo jipya. Watu wakagawanyika, nusu wakamwita mshamba.

Mimi nimewahi kuwa na gari la namna hiyo, tena wakati ambao kuwa nalo kulikuwa karibu na kosa. Nitaeleza ilivyokuwa, pamoja na sehemu ambayo hainipendezi mimi mwenyewe. Majina nimebadili.

Nilikuwa dereva wa meneja wa shamba la mkonge, upande wa Lindi. Gari lake lilikuwa saloon ya Kiingereza, kijani iliyokoza, viti vya ngozi nyekundu, dashibodi ya mbao. Kampuni sitaitaja, wapenda magari mtabishana wenyewe.

Lilipofika kwetu lilikuwa limeshatumika sana. Lakini ukifunga mlango unasikia mlio mmoja mzito, kisha kimya.

Kile kimya ndicho kilichoniteka. Barabara ya Lindi kwenda Kilwa ilikuwa vumbi na makorongo, wenzetu wanarukaruka kwenye magari yao, sisi tunapita kama tumekaa sebuleni. Usukani unauzungusha kwa vidole viwili.

Shamba lilipotaifishwa, meneja alifunga masanduku yake. Asubuhi ya kuondoka akaniita, akanipa kadi ya gari ikiwa imeshasainiwa.

"Hili siwezi kupanda nalo meli," akasema. "Na wewe ndiye unayelijua."

Hivyo ndivyo dereva alivyogeuka mwenye gari.

Mke wangu, Mwajuma, alilitazama likiwa limesimama uani, akauliza, "Linakula nini?"

Nikamwambia, petroli.

"Basi sisi tutakula muhogo." Hakuwa anatania.

Tukahamia Kilwa Kivinje, nikapata kazi ya kuendesha lori la korosho la ushirika. Gari langu nikalijengea banda la makuti. Petroli ilikuwa ya shida, kwa hiyo nililitoa mara moja kwa wiki, Jumamosi, niende Masoko na kurudi. Spea ndiyo usiseme. Bushi za springi nilichonga mwenyewe kwa mpira wa tairi la lori.

Sasa nimjibu kijana: utamu wake hasa ni nini?

Comfort ni sehemu ndogo. Jumamosi moja nilisimama Masoko, mzee wa umri wa baba yangu akanisogelea, akaniambia shikamoo. Alidhani mimi ni mkubwa kutoka mkoani. Adabu ilitaka nikatae upesi, nimwamkie mimi.

Niliitikia marahaba.

Niliendesha mpaka nyumbani naona aibu. Na Jumamosi iliyofuata nikasimama palepale.

Mwenyekiti wa tawi la chama aliwahi kuniita ofisini kwake. "Wewe ni mfanyakazi au bepari?"

"Mfanyakazi."

"Na lile gari?"

"Lile lina umri wa kustaafu, mwenyekiti." Akacheka, akaniacha. Lakini nilijua jicho lake liko kwangu.

Ndipo ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Mama yangu alikuwa akiishi kitongoji kimoja ndani ya Miteja, kilomita chache kutoka barabara kuu, kwenye mikorosho aliyopanda na marehemu baba. Tukasikia kwamba watu wote wa kule watasogezwa kando ya barabara, na kwamba lori la kuwahamisha litafika Alhamisi.

Niliomba ruhusa kazini, nikaenda na gari langu kumchukua.

Njia ya ndani ilikuwa ya miguu, imefyekwa tu ili lori lipite. Nilikwenda polepole nikikwepa visiki. Nilikuta watu wako nje na vyombo vyao. Mama alikuwa na vitu vichache: kinu, mtungi, mikeka, magunia mawili ya mtama. Vyote nikavipanga kwenye buti, mikeka nikaifunga juu.

Jirani yake alikuwa Bi Zena, binamu wa marehemu baba, mimi namwita shangazi. Ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Siku ile alikuwa na kidonda cha muda mrefu mguuni, amekifunga kwa vitambaa, na kilikuwa kinatoa maji.

Alikuja taratibu na fimbo yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia umekuja na gari. Na mimi nitapata pa kukaa?"

Nilitazama mguu wake. Kisha nikatazama kile kiti chekundu cha nyuma. Ulikuwa muda mfupi sana, wakuu, sidhani kama ulifika hata pumzi mbili.

Nikasema, "Springi zimechoka, shangazi, na mzigo wa mama umeshalielemea. Lori linakuja."

"Haya mwanangu, hamna neno." Akarudi kukaa juu ya gunia lake.

Mama alikaa mbele pamoja nami. Tulikwenda kama kilomita moja. Kisha akageuka, akatazama nyuma.

"Pale nyuma amelala nani?"

Njia ilikuwa na mchanga, nikajifanya nimeshughulika na usukani.

Nilimshusha kwenye kiwanja alichopimiwa, vigingi vinne na majani, nikapakua vitu, nikageuza gari. Yale maneno ya mama yalikuwa yananiwasha. Nilipofika kule ndani, lori lilikuwa limeshapita. Nyumba ya shangazi ilikuwa imeshaezuliwa na hapakuwa na mtu.

Nilimkuta kijiji kipya jioni, amekaa chini. Mgambo walikuwa wamempandisha juu ya mizigo, na kwenye makorongo mguu ukagonga bodi la lori. Vitambaa vilikuwa vyekundu.

Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akauliza, "Gari limefika salama?"

"Limefika."

"Alhamdulillahi."

Hapakuwa na kejeli kwenye sauti yake. Ningefurahi kama ingekuwepo.

Nililala palepale na mama, chini ya mikeka tuliyoiegesha kwenye vigingi. Asubuhi nilikwenda kumwambia shangazi kwamba nampeleka hospitali Kivinje. Alikubali. Nikafungua mlango wa nyuma.

Kabla ya kupanda, alitoa kwenye fumba lake, ule mfuko wa mkeka, kanga kuukuu na kipande cha nailoni. Akatandika nailoni kwenye kiti, akaivuta mpaka pembeni, akaweka kanga juu yake. Kisha akatandika jamvi dogo chini, pale utakapokaa mguu. Alifanya taratibu, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni.

"Ondoa tu, shangazi. Kaa."

"Wacha, mwanangu. Ngozi nzuri hii, ingeharibika."

Kumbe alijua tangu jana, pale niliposema habari za springi.

Mama alipanda akakaa kando yake, akaushika ule mguu ili usigonge. Nikaendesha polepole mpaka Kivinje.

Shangazi alilazwa wiki nyingi. Mguu ulipona, ingawa alibaki akichechemea, na aliishi miaka mingi baadaye kijijini pale. Lile jambo hakulitaja hata siku moja. Mimi pia sikuwahi kumwomba radhi kwa mdomo. Nilikuwa nikidhani ipo siku.

Baada ya hapo gari likawa linabeba wagonjwa wa Miteja kila nilipopata mafuta. Ngozi ilichanika, ikapata madoa ya kila namna. Mwenyekiti wa tawi akaacha kuniulizia ubepari. Mwishowe giaboksi ilikufa, spea hakuna, nikaliuza kwa fundi aliyetaka injini kwa ajili ya mashine ya kusaga. Nilidhani nitaumia kuliko nilivyoumia.

Kijana wangu, ukilipenda nunua. Sitakudanganya, hata leo nikiliona gari la aina ile barabarani nasimama. Mafuta utapata, mafundi wapo.

Ila kabla hujalipa, fikiria watu wako mmoja mmoja, na uone kama yupo ambaye ungesita kumfungulia mlango. Akiwepo, mpandishe huyo siku ya kwanza kabisa, na viatu vyake na mzigo wake. Usipoweza, liache.

Waliokuwepo pwani yetu miaka ile, au mliosimuliwa na wazazi, leteni na yenu. Comments zote nazisoma, hata za kunilaumu.