Kipande cha Dirisha la Jikoni

Fundi vioo waliyembandika jina la Mzee Taratibu hakuwa mtu wa maneno mengi, ila ukisogelea tanuri lake kabla halijapoa, utajua hujui. Miaka thelathini alipanga vipande vya kioo cha rangi, akaviyeyusha mpaka vikashikana kuwa kioo kimoja cha kuwekwa ukutani au mlangoni. Kazi hiyo alimfundisha bintiye wa pekee, na binti akawa na mkono mzuri kumshinda baba. Mzee alilijua hilo, akajifanya halijui.

Binti alipopata kazi yake ya kwanza mwenyewe, kioo cha ukuta wa mapokezi hospitalini, mzee alijaa furaha hadi akafanya upuuzi. Binti alipotoka kwenda kula, yeye akachomeka pembeni mwa kazi ile, kabla haijaingia tanurini, kipande cha kioo cha dirisha la jikoni, pale alipopenda kusimama marehemu mkewe, ili mama naye awemo katika kazi ya mwanawe. Angemwambia siku ya kukabidhi. Na alijua, jamani, alijua fika kwamba kioo cha dirisha na kile cha rangi havisinyai sawasawa vikipoa. Akajidanganya kwamba kipande kidogo vile hakina madhara.

Siku ya tatu binti alifungua tanuri saa ile ile iliyopangwa. Kioo kilikuwa kimepasuka, na ufa ulianzia pale pembeni. Mzee aliuona, na mdomo ukamponza: akasema binti alikuwa na haraka ya kufungua tanuri kabla halijapoa. Binti hakubisha. Aliomba radhi, na mwezi haukuisha akaenda kuuza vigae kwenye duka la watu.

Miaka sita mzee aliishi na neno lile kooni. Juzi alikwenda dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaeleza yote bila kujitetea.

“Kwa hiyo sikukosea?” binti aliuliza.

“Hukukosea, mwanangu. Ni mimi.”

“Mama nisingemkataa, baba. Ungeniambia siku ile ile, ningelia siku moja tu.”

Mzee akamsihi arudi karakanani, hata kesho. Binti akamjibu kwa upole kwamba siku hizi akishika kioo, mikono humtetemeka. Kisha akainuka kumhudumia mteja aliyekuwa akimngoja.