Vitambaa Vyeupe vya Mashine ya Mpunga

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, nimesimama juu ya kigoda mbele ya mashine ya kukoboa mpunga hapa Ifakara, nafunga kitambaa cheupe cha bafta kwenye nguzo, na wanawake wenzangu wananicheka wakiuliza tangu lini nimekuwa dobi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru bado, na mimi nilijiona msichana mwenye akili kuliko wote mtaani kwetu kwa sababu nilikuwa nimesoma kwa masista na nilijua kuandika barua.

Nakueleza haya kwa kuwa nimesikia umepata kazi ya kupima hewa inayotoka viwandani huko mjini. Nilipoambiwa nilifurahi, halafu nikanyamaza kidogo. Mama yako aliona. Akaniuliza, "Mama mkubwa, mbona umenyamaza?" Jibu lake ni refu, na nimeona nikuandikie wewe mwenyewe.

Mashine ile ilikuwa ya Bwana Hemedi, mfanyabiashara aliyetoka pwani akaoa na kutulia hapa. Iliendeshwa kwa mvuke, na tanuru lake lililishwa pumba za mpunga uleule uliokobolewa. Pumba zilizobaki zilimwagwa uani zikawa kilima, na kilima hicho kiliungua polepole mchana kutwa, bila moto wa kuonekana, moshi tu. Baada ya mavuno, mpunga ulipokuwa ukiingia kutoka Mchombe na ng'ambo ya mto, mashine haikupumzika. Nyumba zote za upande ule zilijaa masizi. Ukifunika uji unakuta weusi juu ya kifuniko, usipofunika unaula. Na lile vumbi la pumba lenyewe, mwanangu, linawasha kama upupu. Linaingia shingoni, machoni, kifuani.

Watu walilalamika. Wazee wa mtaa walipeleka maneno yao kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kule Mahenge, naye akamtuma bwana afya aje aone. Huyo bwana afya aliitwa Anselmu. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye baiskeli na mkoba wa ngozi. Wengine walitegemea aje apige kelele na kufunga mashine siku hiyohiyo. Yeye alisema, "Moshi tunauona wote. Lakini nikiandika kwamba upo, wataniuliza ni mwingi kiasi gani na unaangukia wapi. Lazima tuwe na cha kuwaonyesha."

Ndipo akaleta vile vitambaa. Vinne, vya ukubwa mmoja. Kimoja mlangoni pa mashine, kimoja uani kwa Bibi Pulkeria jirani wa mashine, kimoja sokoni, na kimoja mbali, njia ya kwenda kivukoni. Kila Jumatatu nivitungue, nivikunje kwa ndani bila kuvikung'uta, nivitie kila kimoja kwenye bahasha yake, halafu nitundike vingine. Kila siku niandike upepo umetoka wapi na kama mvua imenyesha. Yeye alikuwa na kadi aliyoibandika vipande sita vya bafta, cha kwanza cheupe kabisa, cha mwisho cheusi kama sufuria ya kuni. Angelinganisha vitambaa vyangu na vile vipande, na kila kitambaa kingepata namba yake. Kazi ya miezi mitatu. Alinichagua mimi kwa sababu nilifanya kazi pale pale ya kupepeta mchele, na kwa sababu nilijua kuandika. Niliringa wiki nzima.

Sasa nikutajie Tekla. Tekla alikuwa rafiki yangu, mjukuu wa huyo Bibi Pulkeria. Tulianza kazi siku moja. Mimi niliwekwa kwenye kupepeta, yeye akawekwa kwenye mdomo wa mashine, pale pumba zinapotoka kwa kishindo, azisukume kwa reki. Msichana mrefu, mcheshi, mwenye sauti ambayo kanisani watu waligeuka kuitazama. Padri alikuwa akimpa kuanzisha nyimbo.

Wiki ya kwanza vitambaa vilitoka vibaya. Cha mlangoni kilikuwa kama kipande cha tano, cha kwa Bibi Pulkeria cha nne. Bwana Anselmu aliandika, akatikisa kichwa, akapanda baiskeli yake.

Jumamosi iliyofuata, msimamizi wetu, Bwana Kassimu, aliniita kando. Hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Mtu mbaya ningemkatalia. Alisema kwa sauti ya chini, "Binti, unaona malori yanavyopita hapa? Kitambaa kile kimejaa vumbi la barabara. Si haki mashine ibebeshwe vumbi la malori. Kikung'ute kidogo tu kabla hujakitungua."

Nikamwambia, "Bwana afya amekataza."

"Bwana afya anaishi Mahenge. Sisi tunaishi hapa. Mashine ikifungwa, hawa akina mama wote watarudi kwenye kinu na mchi. Utawatazama usoni?" Kisha akaongeza, kama vile limemjia hivi hivi, kwamba alikuwa anatafuta mwanamke mwenye kusoma asimamie wenzake, akae ndani penye kivuli.

Nilikikung'uta kidogo. Wiki ya tatu nikavikung'uta viwili. Wiki ya nne sikukung'uta tena. Nilikuwa natundika kitambaa kipya Jumapili mchana baada ya misa, na Jumatatu nakitungua kama kilichokaa juma zima. Ndivyo inavyokwenda, mwanangu. Hakuna siku niliyoamka nikasema leo nitakuwa mwongo. Kila juma niliongeza kipande kidogo, na kila kipande kilikuwa na sababu yake nzuri. Nikawekwa ndani kuwasimamia wenzangu. Bwana Anselmu akawa anatazama vitambaa, anatazama kilima cha pumba kinachofuka, anatazama tena vitambaa. Lakini aliandika alichokiona kwenye kitambaa, kwa maana ndiyo ahadi aliyojiwekea.

Tekla akaanza kukohoa. Mwanzoni kikohozi cha kawaida, halafu kikawa kinamkunja mpaka anashika nguzo. Wanawake wakaanza kumsema kwamba anajilegeza ili ahamishwe. Nami, niliyekuwa msimamizi, sikuwakanya. Siku moja wakati wa kula nilimwambia, "Tekla, pumzika hata juma moja uende hospitali ya misheni."

Akacheka, akafuta machozi ya kikohozi. "Niende nikaseme nini? Umetundika vitambaa wewe mwenyewe. Bwana afya kasema mbele yetu sote kwamba hewa imekuwa nzuri. Basi ni mimi tu nina kifua kibovu. Nitazoea."

Nilikuwa nimeshika kipande cha muhogo. Nikakirudisha kwenye sahani. Lakini sikusema kitu, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko kukung'uta kwenyewe.

Juma lililofuata Tekla alianguka palepale mdomoni pa mashine, reki mkononi. Walimbeba kwenye kitanda cha kamba hadi hospitali. Nilibaki nasimamia kazi, mashine ikinguruma.

Kesho yake, Jumapili, saa kumi alasiri, Bibi Pulkeria aliniita uani kwake. Bibi huyu ndiye aliyekuwa akifua vitambaa vya altare na nguo za mapadri, na alijua nguo nyeupe kama mvuvi anavyoujua mto. Nilimkuta akitungua shuka kambani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Shika upande huo tukunje."

Nikashika. Tulipolivuta likanyooka, nikaona. Lilikuwa limejaa madoa ya masizi kama limenyunyiziwa. Hakunitazama. Alitazama nguzo iliyokuwa hatua tatu kutoka kwenye kamba yake, ambapo kitambaa changu, nilichokibadilisha baada ya misa, kilikuwa kikipepea, cheupe.

"Shuka hili nimelianika asubuhi," alisema. "Kitambaa chako kina siku ngapi pale?"

Nikasema, "Sita."

"Basi nieleze, wewe uliyesoma. Imekuwaje cha siku sita kikawa cheupe kuliko cha asubuhi?"

Yeye aliendelea kukunja, kona kwa kona, taratibu, kama yuko peke yake.

"Nilijua tangu mwezi uliopita," alisema. "Nikasema ngoja, ni mtoto wa watu, atajirudi. Kosa langu hilo, na nimeungama. Sasa nisikilize. Kama unamwogopa msimamizi wako, sema unamwogopa. Hofu naielewa, hata mimi nina hofu zangu. Lakini mjukuu wangu alikuwa anaambiwa na kifua chake kwamba hewa hii ni mbaya, na wewe ukakifanya kifua chake kionekane kinasema uongo. Alikuamini wewe akaacha kujiamini mwenyewe. Umemnyang'anya kitu ambacho hata mimi bibi yake siwezi kumrudishia."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Aliniwekea lile shuka mikononi, lenye madoa yake, akasema, "Mpelekee bwana afya."

Bwana Anselmu alikuwa amefikia nyumba ya wageni, anaandika taarifa yake ya mwisho apeleke Mahenge. Nilimkuta mezani. Nikaweka shuka juu ya karatasi zake, nikamwambia yote, tangu Jumamosi ile ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua karatasi alizokwisha kuandika, akazichana mbili, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka sana.

"Twende kwa Bwana Hemedi," alisema. "Na utayasema haya haya."

Nilidhani Bwana Hemedi angefurahi kwamba nilikuwa namlindia mashine yake. Alisimama, akamtazama Kassimu, akanitazama mimi. "Nyumba yangu iko upande huohuo wa moshi," alisema. "Watoto wangu wanalala na masizi. Nilitaka kuagiza bomba refu la moshi. Vitambaa vikaja vyeupe, nikasema hakuna haja. Mmenilinda nini ninyi?"

Kassimu aliinamisha kichwa. Alisema alihofia kazi za watu, na naamini alisema kweli. Bwana Hemedi alimwacha na onyo kali, ila mimi aliniondoa kazini palepale. Sikulalamika.

Bwana Anselmu aliamua kuanza upya. Nilimwambia atafute mtu mwingine wa kutundika. Akakataa. "Wewe unajua sasa uongo unavyofanywa, kwa hiyo utauona ukianza. Lakini hutatungua peke yako. Bibi Pulkeria atakuwa nawe, na wote wawili mtatia alama kwenye bahasha." Bibi hakujua kuandika, akawa anatia msalaba. Vitambaa vya mlangoni vilitoka kama kipande cha sita. Cha kwa Bibi, cha tano. Hata kile cha njia ya kivukoni, ambacho hakuna aliyekitilia maanani, kilikuwa kimeanza kubadilika rangi.

Mashine ilifungwa kwa muda. Akina mama walirudi kwenye kinu, na wengine walinipita njiani bila kunisalimu. Ilipofunguliwa tena ilikuwa na bomba la bati lililopanda juu kuliko mapaa yote, na pumba zilitokea ndani ya chumba kilichozungushiwa magunia yaliyoloweshwa maji, vumbi lisiruke. Kile kilima cha uani kilikatazwa kuchomwa. Pumba zikawa zinachukuliwa na wafyatua matofali kuchanganya kwenye udongo, na wenye bustani. Hewa haikuwa kama ya porini, nisikudanganye. Lakini vitambaa vya Bibi Pulkeria vilifika kipande cha pili, na uji wetu tukaula mweupe. Wale akina mama wakarudi kazini, karibu wote.

Tekla alikaa hospitali muda mrefu. Nilikwenda kumwona siku ya kwanza masista waliporuhusu. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, hata kupigwa. Nikamweleza, nimesimama, sikuthubutu kukaa kitandani pake. Akaangalia dirisha. Kisha akaniuliza kwa sauti iliyokwaruza, "Kwa hiyo sikuwa mvivu?"

Nikasema, "Hukuwa mvivu. Hukuwa na kifua kibovu."

"Nilianza kuamini maneno yao," alisema, na akalia, na mimi nikalia. Alinisamehe baadaye sana, kidogo kidogo. Alipona akaolewa Mlimba, akazaa. Lakini pumzi ya kuanzisha nyimbo haikurudi tena. Kanisani aliimba kwa chini, pamoja na wengine.

Mwanangu, sikuandikii haya ili nikutishe. Huko uendako utapewa vyombo vya kisasa, si vitambaa. Lakini atakuja mtu mwenye sauti nzuri, atakuambia leo upepo umekosea, kipimo hiki kisihesabiwe, watu watakosa kazi. Msikilize, kwa kuwa watu kweli wana hofu ya kazi zao, na ukiwadharau watakuficha mambo. Kisha andika ulichokiona. Usipunguze hata kidogo, kwa sababu kidogo ndicho kilichonishinda mimi. Usipime peke yako. Pima pamoja na yule anayeishi jirani na moshi, hata kama hajui kusoma. Mtu akikuambia kifua kinamuuma na kipimo chako kinasema hewa ni safi, anza kwa kukitilia shaka kipimo chako. Na ukikosea, sema mapema. Mimi nilichelewa kwa majuma machache tu, na majuma hayo rafiki yangu aliyalipia maisha yake yote.

Nenda kazini, mwanangu, kwa amani. Mungu akupe macho ya kuona na wenzako wa kweli wa kukusahihisha. Akupe wakubwa wanaosikiliza, na siku wasiposikiliza akupe moyo wa kurudia maneno yako kwa upole. Watoto watakaozaliwa kando ya viwanda hivyo wavute pumzi nzuri bila kujua jina lako, na hilo likutoshe kuwa thawabu. Amina.