Disketi Niliyoiweka Juu ya Spika

Nyie mnaonijua kama Dada Fransiska wa steshenari pale Shanwe, Mpanda, ngojeni niwaambie aibu yangu mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana hata leo nikiikumbuka natamani kujifunika kanga usoni.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, kompyuta za Mpanda unazihesabu kwa vidole, na mojawapo ni yangu (ya mtumba, inanguruma), basi nikikaa mbele yake nilikuwa naelea kabisa, upepo wa mvua unaingia dirishani, kaseti inaimba taratibu, naiona ofisi yangu ina mapazia na wateja wanatoka hadi Sitalike. Ndipo akaja Mwalimu Yoeli wa kwaya ya Magamba, na daftari la nyimbo alizotunga marehemu mkewe, Mama Yusta, mwandiko wa mama mwenyewe, nakala nyingine hakuna. Alitaka kitabu, kila mwanakwaya apate chake.

Nikachapa wiki mbili, kama naimbiwa sikioni. Jirani yangu, fundi redio, akaniasa: "Dada, nunua boksi la disketi, nakili tatu, moja mpe mwalimu, na nakala ya karatasi ifungie kwenye sanduku la bati." Mh! Boksi lilitoka Tabora kwa treni, bei inakausha mate. Nikachagua disketi moja kuukuu, nikafuta barua za watu zilizokuwemo, nikazitia nyimbo zote. Na kwa vile mchwa wa Shanwe hawana adabu, nikaifunga kwenye nailoni nikaiweka juu kabisa, juu ya spika kubwa ya dukani. Nilijiona mjanja! Daftari nikaliacha sakafuni chini ya meza, la nini tena?

Siku ya kuvitoa vitabu kwenye printa kwaya nzima ikaja na sare, wapita njia nao wakajaa mlangoni. Umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, kompyuta ikafuka moshi ikazima. Nikacheka (jamani, nilicheka!), nikasema, "Msihofu nyie, ninayo akiba," nikaishusha disketi kwa madaha, tukaenda msafara mzima hadi ofisi nyingine ya karibu yenye kompyuta. Tupu. Hata herufi moja hakuna.

"Ulikuwa unaiweka wapi?" akauliza fundi redio. Nikamwambia. "Juu ya spika? Dada, spika ina sumaku, imefuta kila kitu!" Watu wakaangua kicheko. Nikakimbia dukani, nikafunua daftari, ndani udongo wa mchwa.

Mwalimu Yoeli hakunifokea, na bora angenifokea. Alikaa kwenye benchi akasema, "Kalamu unayo, mwanangu? Andika." Kwaya wakaimba pale pale, wimbo baada ya wimbo, mimi naandika machozi yanadondoka kwenye karatasi, waliokuwa wanacheka wakakaa chini kusikiliza, mchana ule ukapita kama ndoto. Zikafika kumi na nane kati ya kumi na tisa. Wakatazamana.

"Ule wa mwisho alikuwa hajatufundisha, nami sikupata moyo wa kuusoma," akasema mwalimu, na akanitazama mimi.

Mimi ndiye niliyeuchapa, mtu pekee aliye hai aliyekuwa ameusoma wote, na kichwani sikuwa na hata mstari mmoja. Rahisi ghali, jamani, msemo niliukariri tangu utotoni bila kuuelewa. Siku hizi kazi ya mtu naitunza mahali patatu, na daftari lake namrudishia mkononi siku ile ile, hata akisema halitaki.