Mfupa Katika Bakuli la Jawaher

Miaka kumi na mmoja nimepika katika nyumba ya Bi Mahbuba hapa Bawshar, katika nchi ya Waarabu, na sijawahi kushtuka kama Ijumaa ile mkwe wake alipotoa mfupa mdomoni.

Mkwe huyo ni Jawaher, mke wa Aflah, mwanawe Bi Mahbuba. Aliacha nyama mwaka juzi, na katika nyumba ile alikula cha mkono wangu tu. Kwa ajili yake nilijifunza supu ya tambi ya Kilao kutoka kwa mpishi wa jirani, mwanamke wa Laos tuliyeelewana naye kwa ishara za vidole. Yeye huitia kuku. Mimi kuku nilimwondoa. Nilichoma vitunguu na tangawizi motoni mpaka maganda yakawa meusi, nikachemsha na uyoga, karoti na ndimu kavu moja. Tambi nilizikanda kwa unga wa mchele, unga wa muhogo na maji ya moto, nikazikata kwa kisu na kuzipikia ndani ya supu hiyohiyo ili iwe nzito. Juu nikaweka kitunguu saumu cha kukaanga na dania.

Ijumaa ile mama yake Jawaher alikuwa anakuja kula kwa mara ya kwanza tangu harusi. Bi Mahbuba alizunguka jikoni tangu asubuhi akinung'unika kwamba nyumba yenye heshima haipiki maji ya uyoga, watu watasema tumefilisika. Nikamwambia wageni wana wali na kuku kwenye sufuria kubwa. Hii ndogo ni ya Jawaher. Nilikwenda kutandika sebuleni, na niliporudi nilikuta mfuniko wa sufuria ndogo umekaa upande. Nikaurudisha tu.

Jawaher alikula vijiko vitatu. Akaingiza vidole mdomoni, akatoa kipande cha shingo ya kuku, akakiweka ukingoni mwa bakuli. Mama yake aliacha kutafuna.

"Akinyi, umenifanyia nini?"

Nilimtazama Bi Mahbuba. Mama huyu alipovunjika nyonga, mimi ndiye niliyemwogesha miezi minne. Sasa alikuwa anachagua tende sahanini.

"Msamehe, mwanangu," alimwambia Jawaher. "Hawa ukiwaambia hawashiki."

Hawa. Yaani sisi wafanyakazi wa kuletwa. Nikasema mfuniko niliukuta umeguswa, na Bi Mahbuba akauliza polepole kama namsingizia mbele ya mgeni. Aflah akaniambia nirudi jikoni.

Tangu hapo Jawaher hali nilichopika. Nikipita na sahani, anageuza uso.

Jumanne iliyopita nilijipikia supu ileile. Bi Mahbuba akaingia na mkongojo wake, akaomba aonje. Akaimaliza.

"Kumbe tamu hivi hivi," alisema. "Ungelinambia, nisingelitia ule mchuzi wa kuku."

Alilisema kama mtu anayetaja chumvi. Nikaweka mwiko chini, nikamwomba, "Mama, mwambie Jawaher maneno hayo hayo."

"Hayo yeshapita, Akinyi. Nnataka kidogo tena."

Alininyooshea bakuli. Nikamtilia, kwa kuwa ndiyo kazi iliyonileta. Ghorofani Jawaher alikuwa amejifungia mlango, anakula mkate na jibini.