Watoto Watatu wa Bi Mwamini

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitalini Kigoma, Uhuru ukiwa bado mbichi, Sista Mkuu alinikagua kucha hata sijamaliza shikamoo. "Hapa tunamtibu aliye kitandani, si ukoo wake. Umesikia?" Nikaitikia. Nani angebishana na yule mama!

Enzi za Ujamaa nikahamishiwa zahanati ya Mwamgongo. Huko Bi Mwamini, muuza dagaa, alimleta mwanawe Shabani, taya limevimba, meno yanacheza. Tabibu wetu akauliza, "Nyumbani kuna mwingine aliyewahi kuugua hivi?"

"Hakuna," akajibu mama, mtoto kampakata.

Basi tabibu akaamua ni jipu la jino. Jino likang'olewa, sindano za penisilini zikafuata, uvimbe ukapanda hadi jichoni. Tulipompakia kwenye boti kwenda mjini alikuwa hajiwezi, akafia njiani.

Baada ya matanga ndipo Bi Mwamini aliponiambia. Kaka yake Shabani, Hamisi, alikufa vilevile kabla zahanati haijafunguliwa. Lakini kwa watu wale marehemu hatajwi mbele ya nduguye mgonjwa, ni kumwitia kifo. Na sisi, jamani, tulimuuliza mama huku mtoto akisikia!

Miaka ikapita. Asubuhi moja Bi Mwamini akaja mbio na binti yake Rehema, taya ndiyo kwanza linajaa. Akasimama mbele ya foleni nzima. "Hamisi alikufa kwa hili. Shabani alikufa kwa hili. Huyu Rehema msimng'oe jino!"

"Mama wee, unamwua kwa kuwataja!" mama mkwe wake aliyefuatana nao akapiga ukelele.

Tabibu akang'amua kuwa ni saratani ya taya, hakungoja. Boti siku ileile, kisha treni hadi hospitali kubwa ya Dar es Salaam, kwenye dawa ya saratani ile. Rehema alirudi mzima.

Siku hizi madaktari wanaeleza kwamba kirusi cha saratani hiyo karibu kila mtoto hukipata na wengi hakiwadhuru, ila zipo familia ambamo watoto huzaliwa na udhaifu wa kukishindwa. Wala si uchawi, wala si kutajwa. Nimestaafu, nafurahi nyinyi wauguzi vijana mnauliza habari za ukoo, tena mnamuuliza mama pembeni.

Mimi bado namwona Bi Mwamini alivyokuja kunishukuru na migebuka yake.

"Sista, dawa hiyo, Shabani alipougua ilikuwapo?"

"Ilikuwapo, dada yangu."

Akaweka samaki chini, akakaa sakafuni, akaanza kumlilia mwanawe upya, kwa jina.