Kichuguu cha Bibi Josepha

Tangu aolewe pale Busunzu, Vestina alikuwa mtu wa kuuliza. Akiona siafu wanahama, atawafuata mpaka mwisho wa shamba, na mboga inaungua jikoni. Mamamkwe wake, Bibi Josepha, ndiye aliyempendea tabia hiyo. Mwaka wa kwanza wa ndoa alimwamsha alfajiri, akampeleka kwenye kichuguu kikubwa shambani, akamwonesha uyoga uliopasua udongo usiku ule.

"Usiuvute. Uzungushe taratibu, mzizi ubaki chini. Na usimwambie mtu."

Ndivyo wanawake wa pale walivyozoea: mahali pa uyoga mwanamke humwonesha mkamwana wake tu. Basi kila mvua za kwanza zikinyesha, wawili hao walichuma kabla hakujapambazuka, wakafuta nyayo zao kwa matawi, na nyumbani watu wakala wakidhani umenunuliwa sokoni.

Mwaka huu, mvua zikiwa karibu, shemeji yake Anania alimkuta shambani, jembe begani.

"Mwakeye, shemeji," alimsalimu. "Kichuguu hiki nakisawazisha nipande maharage. Kimekufa, kinakula nafasi bure."

Vestina akawaza haraka. Akisema, siri ya mama inatoka. Akinyamaza, kichuguu kinakwenda. Akamwomba asubiri, akakimbilia kwa Josepha, ambaye siku hizi miguu haimbebi, akamweleza.

"Nilikuonesha wewe, sikuwaonesha watu wa mtaa," Josepha alinung'unika.

"Ndiyo, mama. Ila tumekificha mno, hata mwanao anaona hakina kazi."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Haya, mwambie. Kwanza kitie kichuguu kidonda, aone kinavyopona."

Vestina alirudi, akachukua jembe la Anania, akakikwangua kichuguu mahali padogo kama kiganja. Akakwangua vilevile kingine kilichokuwa mpakani.

"Tuviache vilale. Kesho uje kabla hujanywa chai."

"Shemeji, umekuwa nesi wa vichuguu?"

Asubuhi, kidonda cha mpakani kilikuwa wazi, vumbi tupu. Cha kichuguu kikubwa kilikuwa kimezibwa kwa udongo mbichi. Anania alichuchumaa, akaugusa, akanusa kidole.

"Mchwa wamo!"

"Wamo. Na uyoga unaokula kwangu kila mwaka unatoka kwao. Kilichokufa ni kile cha mpakani, hicho kisawazishe."

"Ule wa sokoni?"

"Soko ulilitaja wewe. Mimi nilikuwa nakupakulia tu."

Anania alicheka, akapeleka jembe mpakani.

Lakini Anania na siri ni maji na pakacha. Mvua zilipoanza, Vestina alifika alfajiri akamkuta na mkewe Evaline, na majirani na mabeseni yao. Ikabidi wangoje kuche, kila mtu aone anapokanyaga. Vestina aliwafundisha kuzungusha. Akaondoka na bakuli moja, pale alipozoea kujaza kikapu. Alimshukuru Mungu kwa bakuli hilo, ingawa si papo hapo.

"Dada Vestina," Evaline aliuliza, "mbona uyoga unaota upande wa bondeni tu?"

Vestina alikizunguka kichuguu, akatazama. Kweli. Miaka yote alikuwa akichuma kwa kupapasa, hakuwahi kuliona hilo. Akalibeba swali mpaka kwa Josepha pamoja na bakuli.

"Hata mimi sijui," Bibi alisema, akakaa wima kitandani. "Na mimi nilichuma gizani. Mwite Anania aje anibebe. Nataka nikakione mchana."